Anaongea Vizuri, Lakini Asiachwe Peke Yake

Mgonjwa ametoka hospitali. Anatembea, anawaita wageni kwa majina na utani wake uko palepale. Ndugu waliokuja kumpa pole wanaondoka wakisema amepona. Mkewe ndiye anayejua kwamba juzi mumewe alibandika mafuta ya maandazi, simu ikalia, akaenda sebuleni kuongea mpaka king'ora cha moshi kikaanza kulia.

Ndivyo linavyokuwa jeraha la ubongo likigusa sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso. Kauli na mwendo vinaweza kusalimika huku mtu akipoteza uwezo wa kupanga, kujizuia na kuiona hatari kabla haijafika. Tena mwenyewe huenda asijue kwamba amepungukiwa. Familia nyingi huiita hali hiyo ukaidi, na ugomvi wa nyumbani huanzia hapo.

Mfano maarufu wa jambo hili ni wa mwaka 1848, pale Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, alipopenywa kichwani na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja. Hakufa, na hakuwa bubu. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia ilibadilika kiasi cha waajiri kukataa kumrudisha kazini. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baadaye Gage aliendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa nchini Chile, kazi yenye ratiba ile ile kila siku. Utaratibu usiobadilika humsaidia sana mgonjwa wa namna hii: dawa saa ile ile, funguo mahali pale pale, orodha ukutani.

Kwa walioko England, tatizo jingine huja siku ya tathmini ya PIP, malipo ya serikali kwa watu wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Mgonjwa anaulizwa kama anaweza kupika, anajibu kwa kujiamini kwamba anaweza, na familia kwa heshima inanyamaza au inasema anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Huo si wakati wa kusitiriana. Kanuni za PIP zinataka kujua kama mtu anaweza kulifanya jambo kwa usalama na kulirudia kila inapohitajika, na anayepika salama kwa sababu tu kuna mtu amesimama pembeni anahitaji uangalizi. Hilo lazima lisemwe.

Mlezi naye ana haki yake: Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inamruhusu kuiomba halmashauri itathmini mahitaji yake mwenyewe. Shirika la Headway, lililoanzishwa mwaka 1979, lina simu ya ushauri ya bure kwa familia hizi. Na kama mgonjwa ana leseni ya udereva, DVLA, mamlaka ya leseni hizo, lazima ijulishwe kuhusu jeraha.

Kabla ya tathmini, nunua daftari. Andika kila tukio: tarehe, alichofanya, nani aliingilia kati, na nini kingetokea kama asingekuwepo mtu. Nenda nalo.