Goma: Tusimkataze mtoto kila mchezo wenye hatari

Kisha masomo, kwenye barabara ndogo za Goma, watoto wanatoa chukudu zao. Si zile kubwa zinazoshuka kutoka Kibumba na viazi na mboga. Ni ndogo, za vipande vya mbao, na magurudumu wameyachonga wenyewe. Mmoja anasukuma, mwingine anapanda, mteremko unamaliza kazi. Wadogo wao wa miaka minne au mitano wanapanda ukuta wa mawe ya volkano na kuruka chini. Mara sauti ya mama inasikika kutoka uani: « Shuka! Utavunjika! »

Mama huyo ana haki ya kuogopa. Mawe ya volkano yanachana ngozi, na bili ya hospitali inalipwa na familia. Lakini wachunguzi wa makuzi ya watoto wanasema kwamba mtoto anayeshushwa kila mara, naye anapoteza kitu.

Mwaka 2007, mtafiti wa Norway, Ellen Beate Hansen Sandseter, aligawa michezo ya namna hiyo katika mafungu sita: kupanda juu, kwenda mbio sana, kutumia vyombo vyenye makali, kucheza karibu na moto au maji, kupigana kwa mchezo, na kwenda mbali na macho ya wakubwa. Mwaka 2015, kundi la watafiti lililoongozwa na Mariana Brussoni wa Kanada lilichambua tafiti 21 na kuona kwamba, kwa jumla, michezo hiyo ya nje inasaidia afya ya watoto na namna wanavyoishi na wenzao.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtoto anayepanda jiwe anapima: mguu utafika? Mkono utashika? Woga wake ndio unaomwambia asimame wapi. Akianguka kutoka kimo cha goti, anajifunza jambo ambalo makatazo mia hayamfundishi, tena kwa bei ya mkwaruzo. Asiyejipima akiwa mdogo atajipima siku moja akiwa mkubwa, mahali pa juu zaidi.

Hata hivyo, kuna hatari ambazo mtoto hawezi kuzipima, na wakaaji wa Goma wanazijua. Ya kwanza ni mazuku, gesi inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwenye kimo cha mtoto. Ya pili ni mabomu na risasi zilizobaki baada ya mapigano, ambazo machoni pa mtoto ni chuma cha kuchezea tu. Ya tatu ni pikipiki kwenye barabara kubwa: mtoto wa miaka minne hajui kukadiria mwendo wake.

Shirika la madaktari wa watoto wa Kanada, katika mashauri yake ya mwaka 2024, linatenganisha mambo hayo mawili: hatari ambayo mtoto anaiona na anaweza kuamua aifanyie nini, na ile iliyofichika au inayopita uwezo wake. Ya kwanza aachiwe, ya pili aondolewe.

Kwa mzazi wa Goma, tofauti hiyo ina uzito. Anayepiga kelele ileile kwa jiwe la mita moja na kwa chuma kilichookotwa shambani anamzoesha mtoto kutosikia. Siku ya bomu, « Acha! » yake itakuwa kama ile ya jana.

Basi, afanye nini? Kwanza, akague mahali: vyuma, vipande vya chupa, mashimo, barabara. Kisha asogee karibu na kunyamaza kidogo. Badala ya « Utaanguka! », aulize: « Mguu wa pili utauweka wapi? » Asimbebe mtoto kumweka mahali ambapo hajaweza kupanda mwenyewe, maana huko hajui njia ya kushuka. Na kuhusu mazuku, mabomu na barabara kubwa, amri ibaki moja, fupi, isiyo na majadiliano. Mtoto aliyeruhusiwa kupanda jiwe lake ataisikia.