Ndovu, Nyuki na Mahindi ya Sagalla

Kila nyumba inayolima karibu na mbuga ya wanyama yaijua hofu ya mwezi wa Desemba na Januari. Mahindi yamebeba, kunde zimetanda, na mama wa nyumba amekwisha kuhesabu magunia atakayoyapata na karo ya watoto atakayoilipa. Kisha usiku mmoja wanaingia ndovu watano, na kulipopambazuka hakuna kilichobaki ila mabua yaliyokanyagwa. Hasara hiyo si ya siku moja, ni chakula cha mwaka mzima. Tena mwenye shamba akitoka gizani na mwenge na debe kuwafukuza, yamkini asirudi. Basi tumeona vema kuwaeleza habari za Sagalla, katika nchi ya Wataita huko Kenya, ambako wakulima wamejaribu kwa miaka mingi kuwazuia ndovu bila ya bunduki wala ukuta, kwa msaada wa mdudu mdogo.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, kwani wengi wetu twamwogopa pasipo kumjua. Ndovu mzima aweza kula hata kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku moja, na kunywa maji lita mia na zaidi. Mimba ya jike huchukua miezi 22, naye huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Majike na watoto hutembea pamoja kama jamaa moja, wakimfuata bibi yao mkongwe, ambaye ndiye akumbukaye visima na njia za wakati wa ukame. Akiuawa bibi huyo, maarifa yake hufa pamoja naye. Madume wakipevuka hutoka katika jamaa, huenda peke yao au wawili watatu, na hao ndio wezi wakubwa wa mashamba. Dume ataka mwili mkubwa ili awashinde wenzake, na shamba la mahindi humpa kwa saa moja shibe ambayo porini angeitafuta usiku kucha. Tusimwite mwovu kwa hiyo. Mbuzi wetu naye akiona mlango wa ghala u wazi, ataingia.

Sagalla ni mlima karibu na mji wa Voi, na mashamba yaliyo chini yake yamepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa mbili, Mashariki na Magharibi. Zote pamoja zina zaidi ya kilometa za mraba 20,000. Mwaka 1970 na 1971 ukame mkali uliua ndovu huko kwa maelfu, hasa majike na watoto, maana hawakuweza kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Baada ya ukame wakaja majangili. Katika Kenya nzima ndovu walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973. Ilipofika 1989 walibaki kama 16,000 tu. Mwaka huo mataifa yakakubaliana kukataza biashara ya pembe, na Serikali ya Kenya ikachoma tani 12 za pembe mbele ya watu, ili ulimwengu ujue kwamba haina nia ya kuziuza.

Tangu hapo ndovu wameongezeka polepole. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 katika Kenya, na karibu 15,000 kati yao walikuwa katika nchi ya Tsavo. Lakini watu nao wameongezeka. Mwaka 1969 Kenya ilikuwa na watu kama milioni 11. Mwaka 2019 walihesabiwa milioni 47 na zaidi. Pale palipokuwa pori kati ya kijiji na kijiji sasa pana mashamba, nyumba na nyua za waya, na reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, imekatiza Tsavo juu ya tuta refu, ijapokuwa imeachiwa vivuko chini yake. Kwa hiyo husikia watu wakibishana: huyu asema ndovu wamevamia nchi ya watu, yule asema watu wamevamia nchi ya ndovu. Sisi twaona wote wawili wamekosea. Watu na ndovu walikuwapo tangu kale. Kilichopungua ni nafasi ya kupishana.

Sasa habari ya nyuki. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini si kila mahali. Ndani ya mkonga, kando ya macho na nyuma ya masikio ni laini, na mtoto wa ndovu ni laini zaidi. Wenyeji wa Kenya walijua zamani kwamba ndovu huuacha mti wenye mzinga. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton, waliandika kwamba wamelihakikisha jambo hilo kwa kuchunguza migunga iliyotundikwa mizinga: ndovu hawakuivunja kama mingine. Mwaka 2007 wao pamoja na mwanafunzi wao, Lucy King, wakafanya jaribio lingine huko Samburu. Walificha chombo cha sauti karibu na jamaa za ndovu waliopumzika vivulini, wakapiga mlio wa nyuki waliokasirika. Katika jamaa 17, jamaa 16 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kwisha, nyingine zikikimbia. Baadaye ikaonekana kwamba ndovu wanaokimbia nyuki hutoa mngurumo wa chini wa kuwaonya wenzao, na mngurumo huo ukipigwa peke yake, pasipo nyuki hata mmoja, ndovu wengine nao huondoka huku wakitikisa vichwa.

Katika maarifa hayo ukazaliwa ua wa nyuki. Msomaji asifikiri ni jambo la fedha nyingi. Husimamishwa nguzo kulizunguka shamba, na kila baada ya mita 10 hutundikwa mzinga kwa waya, wenye kipaa kidogo cha kuukinga na jua. Si lazima yote iwe mizinga ya kweli. Katikati ya mzinga na mzinga huwekwa wa bandia, ubao tu uliokatwa kwa kipimo kile kile, kwa maana ndovu gizani hawezi kutofautisha. Yote huunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akija na kuusukuma waya kwa kifua, mizinga huyumba pande zote, nyuki hutoka kwa ghadhabu, naye hugeuka. Asipougusa, harufu na mlio vyamtosha kumkumbusha maumivu ya zamani.

Vijiji viwili vya Sagalla, Mwakoma na Mwambiti, vilichunguzwa kwa muda wa miaka tisa, na habari zake zilichapishwa mwaka 2024. Katika mashamba 26 yenye nyua hizo, ndovu waliokuja wakati mazao yamekomaa walizuiwa kama 86 katika kila 100. Na wakulima walirina asali tani moja, wakaiuza. Mkulima aliyekuwa akilala ndani ya dungu usiku kucha, macho mekundu, aweza sasa kulala na watoto wake usiku mwingi. Hilo halina bei sokoni, lakini mkewe alijua thamani yake.

Hata hivyo hatupendi kuwadanganya wasomaji. Katika ndovu 100 wapo 14 waliopita. Madume wengine wazoefu hujaribu ua mahali pote mpaka wapate mzinga usio na nyuki. Na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa, kwa sababu nyuki si misumari ya kupigiliwa pakakaa. Mwaka 2017 mvua zilipokosekana na maua yakakauka, nyuki wa Sagalla wakahama kwa wingi, mizinga ikabaki mitupu, na ilichukua miaka kama mitatu kurudia hali yake. Tazameni taabu iliyopo: ukame ndio unaowaleta ndovu mashambani, na ukame huo huo ndio unaowaondoa walinzi. Katika ukame wa mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa Kenya kati ya Februari na Oktoba. Mnyama aliye katika hali hiyo haogopi kitu.

Kwa hiyo wakulima wenye busara hawategemei dawa moja. Ndovu hawapendi ufuta wala pilipili. Wako wanaopanda ufuta pembeni, na katika nchi nyingine za Afrika hupaka kamba na vitambaa mafuta machafu ya gari yaliyochanganywa na pilipili, au huchoma pilipili pamoja na mavi makavu ya ndovu, moshi ukaenda na upepo. Tena ghala iwe na mlango imara, kwa maana mahindi yaliyovunwa nayo hunukia mbali.

Iko pia sheria ya Kenya ya mwaka 2013, iliyoweka fidia ya shilingi milioni tano kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, na malipo kwa aliyejeruhiwa na kwa mazao yaliyoharibiwa. Sheria ni njema, ila malipo yamekuwa yakichelewa mno, pengine miaka. Twasema wazi: ikiwa taifa lapata faida kwa wageni wanaokuja kuwatazama ndovu, si haki gharama yao ibebwe na mjane mwenye ekari mbili. Aliyeharibiwa na apeleke habari mapema kwa askari wa wanyama, aonyeshe nyayo na mabua kabla hayajaondolewa, na ahifadhi karatasi atakayopewa.

Kwa wale watakaojaribu ua wa nyuki, neno la mwisho ni hili. Mizinga ni mifugo. Wakati wa jua kali wekeeni nyuki beseni la maji lenye mawe ndani, wapate pa kutua wasizame. Pakeni nguzo mafuta ili siafu wasipande. Inueni mizinga juu ya urefu ambao nyegere hufika. Msirine asali yote, wala msirine wakati maua hayapo. Na kabla ya mvua za vuli mtu mmoja auzunguke ua wote kwa miguu, akikaza waya uliolegea na kuugonga kila mzinga kwa kidole asikie kama una wenyewe.