Kungwi wa Bwenini Aliteuliwa na Nani?

Novemba inapoingia na shule zikafungwa, vijiji vya pande za Chepseon, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho, huanza kuwakosa wavulana wao. Wenye umri wa miaka 14 au 15 huwa wameingia menjo, kibanda cha jando la Wakipsigis. Yatendekayo humo usiku si ya kuanikwa gazetini, nami sitayaanika.

Lakini lipo moja lisilo siri. Kijana hakuachwa mikononi mwa yeyote yule. Alikabidhiwa motiriot, yaani kungwi, mtu mzima ambaye wazazi waliujua mlango wake na mwenendo wake. Ukali ulikuwapo, tena mwingi. Ila mwari akidhurika, wazee walijua wa kumwuliza.

Zamani mafunzo hayo yalichukua miezi mingi. Kalenda ya shule imeyabana yakatoshea katika likizo ya mwisho wa mwaka, na katika mbano huo kungwi naye amebadilika. Si ajabu siku hizi kumkuta mwanafunzi wa sekondari, aliyetoka jandoni juzi tu, akijitwalia ukungwi juu ya wadogo zake.

Kisha huja Januari, na pamoja nayo usiku wa pili: ule wa bwenini. Taa zikishazimwa, mgeni huamshwa na wakubwa wake kwa mwanga wa tochi. Huitwa “mono”, huamriwa aimbe, afue soksi zisizo zake, atoe sukari aliyofungiwa na mamaye. Huulizwa pia kama ametahiriwa, na ole wake anayesitasita kujibu! Yule aliyetoka menjo majuzi, akidhani utoto ameuacha huko, huambiwa kwamba ni mtoto upya.

Hapa ndipo penye hatari ambayo walimu wengi hawaioni. Kijana huyu amefunzwa kwamba mwanamume halii wala hashtaki. Funzo hilo, jema mbele ya kisu, humgeukia bwenini likawa ngao ya anayemtesa. Asubuhi mwalimu wa zamu huwakuta wote wametulia, akaandika daftarini kwamba usiku ulikuwa shwari.

Wapo wasemao, “Hata sisi tulipitia hayo.” Kweli, walipitia. Lakini mwaka 2001 serikali ilimpokonya mwalimu kiboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza mateso ya mwili na ya akili kwa mwanafunzi. Mwalimu mwenye shahada haruhusiwi kumchapa mtoto mchana. Kijana wa miaka 17 alipewa na nani ruhusa ya kumchapa usiku?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari. Mtihani wa KCPE ulikoma 2023, mtaala ni mpya, vitabu ni vipya. Vitanda ni vilevile. Mzazi anayeuliza bei ya godoro na sare na aulize pia, kabla ya kutia sahihi: ni mwalimu gani hulala karibu na bweni hilo, na mlango wake hubishwa vipi saa nane za usiku?