Mtaji wa Taka: Kilo ya Chupa na Siku Sitini za Kungoja

Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kutegemea kiwanda kilichoitengeneza. Ili mizani ya mnunuzi isome kilo moja, mwokotaji anainama mara 50 au zaidi: mitaroni, ufukweni, kando ya barabara, au kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam na lile la Dandora jijini Nairobi. Biashara ya urejelezaji wa plastiki inaanzia hapo. Anayetaka kuielewa, na hasa anayetaka kuikopesha, aanzie hapo kabla hajauliza bei ya mashine.

Tumezoea kuanzia upande wa pili. Uchumi wa mzunguko ukitajwa, yaani utaratibu wa kuirudisha bidhaa iliyokwisha kazi iwe malighafi tena, macho yote hukimbilia mashine. Wafadhili hupenda kununua mashine kwa sababu inaonekana, ina risiti, na inaweza kubandikwa nembo. Lakini biashara nyingi za taka zinazokufa katika nchi zetu hufa mashine ikiwa nzima. Zinakufa katikati ya siku ya kumlipa mwokotaji na siku ya kulipwa na kiwanda. Ili tuone zinavyokufa, inabidi kwanza tuijue mali yenyewe.

Plastiki si kitu kimoja. Chupa ya maji au soda ni PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Dumu la mafuta ya kula mara nyingi ni polietilini nzito, namba 2. Bomba gumu la maji ni PVC, namba 3. Mfuko laini wa maziwa ni polietilini nyepesi, namba 4, na kiti cha plastiki cha shughulini ni polipropilini, namba 5. Kila moja imeundwa kwa molekuli ndefu zilizoungana kama pete za mkufu, na kila mkufu una pete zake. Ndiyo maana zinayeyuka kwa joto tofauti: polietilini nyepesi kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, ile nzito karibu na 130, polipropilini kwenye 160 na ushei, na PET hadi ifike kama 250. Ukizitia zote kwenye chungu kimoja, joto la kuyeyusha PET litaziunguza nyingine, na joto la kuyeyusha nyingine litaiacha PET vipande vigumu ndani ya uji. Tena hata zikiyeyuka pamoja hazishikani. Zikipoa, bidhaa inapasuka pale zilipokutana.

Mhandisi Nzambi Matee wa Nairobi, mwanzilishi wa kampuni ya Gjenge Makers, alilielewa hilo mapema. Kampuni yake inachanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njiani na uani, na mwaka 2020 UNEP, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lilimtaja miongoni mwa Vijana Vinara wa Dunia. Aina anazozitumia ni polietilini nzito, polietilini nyepesi na polipropilini. PET haigusi. Huo ni uamuzi wa kisayansi ambao papo hapo ni uamuzi wa kibiashara, na ningependa kila kikundi cha vijana kinachoandika andiko la mradi kiuone: kabla ya kuchagua bidhaa, chagua plastiki, na ujue zipi utazikataa mlangoni.

Aliyeamua kushughulika na PET ana kazi nyingine. Bahati nzuri, maji humsaidia. PET ni nzito kuliko maji, kwa hiyo chupa zikisagwa na kumwagwa katika tanki, chembe za PET huzama. Vizibo, ambavyo huwa vya polietilini au polipropilini, huelea. Mfanyakazi anachota vya juu, anavuna vya chini, bila hata kuhitaji umeme kwa kazi hiyo. Bahati mbaya, PVC nayo huzama. Kipande cha bomba kikiingia katika tanki hilo hakitajionyesha mpaka kifike kwenye joto, na huko kitaanza kuoza muda mrefu kabla PET haijayeyuka, kikitoa gesi ya asidi inayokata mikufu ya PET na kula chuma cha mashine. Gramu 100 za PVC katika tani nzima zinatosha kuharibu kazi: plastiki inageuka manjano na kuwa dhaifu. Unyevu nao ni adui wa namna hiyohiyo. Kwenye joto la kuyeyuka, maji hukata mikufu ya PET, hivyo kiwanda kinachotaka nyuzi nzuri za poliesta hukausha chembe mpaka maji yabaki kama gramu 50 tu kwa tani.

Kwa hiyo mama aliyeketi kwenye kirundo cha chupa, anayetambua kwa jicho na kwa mlio wa kidole kipi ni PET na kipi ni PVC, ndiye maabara ya biashara hii. Thamani ya tani nzima ipo mikononi mwake. Malipo yake hayafanani hata kidogo na jambo hilo, na hii naiona kasoro kubwa ya kiuchumi mbali na kuwa dhuluma, kwa kuwa mchambuaji anayelipwa kwa kilo tu atafuata kilo: ataacha maji ndani ya chupa, ataacha mchanga.

Sasa fedha. Nitatoa mfano wa tarakimu nilizozipanga mwenyewe ili hesabu iwe wazi. Tufanye kituo kinanunua tani 1 ya chupa kila siku kwa shilingi 400 kwa kilo. Hizo ni shilingi 400,000 kwa siku, taslimu, maana mwokotaji anayekula leo kwa alichookota leo hakopeshi. Vizibo, lebo, uchafu na maji vikiondolewa, tuseme inabaki asilimia 85, kilo 850, nazo kiwanda kinanunua kwa shilingi 600. Kituo kinadai shilingi 510,000. Faida ghafi ni 110,000 kwa siku, kabla ya mishahara, usafiri, umeme na pango. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,860,000 kwa mwezi. Si haba.

Ila kiwanda kinalipa baada ya siku 60. Kwa lugha ya wafanyabiashara wetu, mwenye kituo anampa kiwanda mali kauli huku yeye akinunua kwa fedha mkononi. Kabla hajapokea senti ya kwanza atakuwa amekwisha kulipa siku 52 za manunuzi, sawa na shilingi 20,800,000. Akizikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, analipa shilingi 624,000 kila mwezi, zaidi ya moja ya tano ya faida yake ghafi, kwa ajili ya kungoja tu.

Bei ya kiwanda ikishuka kutoka 600 hadi 500, faida ghafi ya siku inaporomoka hadi 25,000, na ya mwezi hadi 650,000. Ukitoa riba, zinabaki shilingi 26,000 za kulipia mishahara, lori na umeme. Biashara imekufa. Au bei ibaki 600 lakini uchafu uongezeke, ibaki asilimia 75 badala ya 85: faida ya siku inashuka kutoka 110,000 hadi 50,000. Hapo ndipo fizikia ya tanki la maji inapokutana na daftari la mkopo.

Kushuka kwa bei si jambo la kubuni. Plastiki mpya hutokana na mafuta na gesi, na mafuta yakiwa rahisi, kiwanda kinanunua punje mpya zisizo na uchafu kwa bei inayomshinda mrejelezaji. Aprili 2020, dunia ikiwa imefungwa kwa korona, mikataba ya mafuta ghafi ya Marekani iliuzwa kwa siku moja kwa bei ya chini ya sifuri. Miaka miwili kabla, Januari 2018, China ilifunga mlango kwa aina nyingi za plastiki chakavu kutoka nje, na wauzaji wa dunia nzima wakabaki na marobota yasiyo na pa kwenda. Mwenye mizani mtaani hakuwa na habari ya lolote kati ya hayo. Aliona tu simu ya mnunuzi haipokelewi.

Kuna hewa pia. Mita moja ya ujazo ya chupa ambazo hazijakandamizwa haifikishi kilo 50, kwa hiyo lori linaloonekana limesheheni limebeba karibu hewa tupu. Ndiyo sababu plastiki ya Lamu, ya Mafia au ya mji ulio mbali na viwanda hukosa mnunuzi hata ikiwa safi. Mashine ya kukandamiza marobota ni mojawapo ya mashine chache ambazo ningeshauri zinunuliwe mapema.

Nani basi atoe fedha? Benki ikiombwa mkopo huuliza hati ya kiwanja, na wengi wa wenye vituo wamepanga. Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana, zikiwemo bidhaa zilizo ghalani na madeni anayodai mkopaji. Kisheria, basi, ankara ya kiwanda kinachojulikana inaweza kuwa dhamana. Benki ingempa mwenye kituo sehemu kubwa ya fedha siku anayokabidhi mzigo, kisha ikasubiri malipo ya kiwanda yenyewe. Tanzania kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Inafaa sana kwa biashara ya taka, ilimradi kamati zinazoigawa zikubali kwamba fedha ya kununulia chupa ni mtaji halali sawa na pikipiki ya matairi matatu.

Ngazi ya juu kuna majaribio makubwa zaidi. Januari 2024 Benki ya Dunia iliuza hatifungani ya dola milioni 100 ya miaka 7, ambapo wawekezaji walikubali kuacha sehemu ya riba ya kawaida. Riba hiyo iligeuzwa kuwa fedha za kuanzia, kiasi cha dola milioni 14, kwa miradi miwili ya plastiki nchini Ghana na Indonesia. Wawekezaji hulipwa ziada kadiri plastiki inavyokusanywa na kurejelezwa na matokeo kuthibitishwa. Naipenda sehemu moja ya mpango huo: fedha hutangulia, vipimo hufuata. Lakini kituo cha Mbagala, Dar es Salaam, au cha Kayole, Nairobi, hakitafikia soko la aina hiyo, na hakihitaji.

Chenye nguvu zaidi ni sheria ya kumwajibisha mzalishaji. Kenya, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, ilipitisha mwaka 2022 Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na kanuni za wajibu wa mzalishaji zikafuata mwaka 2024. Anayeingiza sokoni bidhaa na vifungashio vyake anawajibika kugharimia safari ya mwisho ya bidhaa na vifungashio hivyo. Fedha hizo zikiishia kwenye kampeni na semina hazitabadilisha kitu. Zikilipwa kwa kila kilo iliyopimwa mizanini, kwa wiki badala ya kwa mwaka, zitaziba shimo la bei mafuta yanaposhuka.

Nimeng'ang'ania plastiki, ingawa ripoti ya UNEP ya mwaka 2018 kuhusu taka barani Afrika ilikadiria kwamba asilimia 57 ya taka za miji yetu ni za kuoza: maganda ya ndizi, pumba, mabaki ya sokoni. Kinachorejelezwa kwa jumla ilikikadiria kuwa asilimia 4. Kwa taka hizi yupo nzi askari mweusi, Hermetia illucens. Yai lake huanguliwa kwa siku 4 hivi, na funza hula mabaki kwa takriban wiki mbili. Akikauka huwa na protini ya asilimia 40 hivi, chakula cha kuku na samaki kinachoweza kushindana na dagaa. Nzi mkubwa haendi mezani kwa watu kutafuta chakula, kwa hiyo haenezi maradhi kama nzi wa nyumbani. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, wamemfanyia kazi kwa miaka, na mwaka 2017 Kenya ikaweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Kwa mkopeshaji, tofauti ni kubwa: mzunguko ni wa wiki chache, mnunuzi ni mfugaji wa jirani anayelipa taslimu, na bei hufuata dagaa na soya badala ya mafuta ghafi. Kikundi chenye mtaji mdogo kilicho karibu na soko la mboga ningekishauri kianze na funza.

Turudi kwenye hesabu ya chupa mara moja ya mwisho. Kiwanda kikilipa kwa siku 15 badala ya 60, fedha inayofungwa inashuka kutoka shilingi 20,800,000 hadi 5,200,000, na riba ya mwezi kutoka 624,000 hadi 156,000. Hakuna mfadhili aliyeingia, hakuna mashine iliyonunuliwa. Ombi langu ni kwa wenye viwanda na kwa wanaotunga kanuni Dodoma na Nairobi: kampuni kubwa inayonunua taka kutoka kwa wakusanyaji wadogo ilazimishwe kuwalipa ndani ya siku 15 tangu mzigo upimwe, na sharti hilo liandikwe kwenye kibali chake.