Kwa Miguu na Baiskeli: Hori ya Mida, Gede na Msitu wa Arabuko-Sokoke

Ardhioevu ni eneo ambalo maji, yawe matamu au ya chumvi, yawe ya kudumu au ya msimu, ndiyo yanayoamua aina ya udongo, mimea na wanyama wa mahali hapo. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971 ili kulinda maeneo ya namna hiyo duniani, huyahesabu pia maji ya bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 wakati bahari imekupwa, na kwa kipimo hicho mikoko, mafungu ya matope, hori na midomo ya mito ya pwani ya Afrika Mashariki huingia katika kundi hilo. Miongoni mwa sehemu zinazofaa zaidi kujifunzia ardhioevu ya pwani ni kipande cha Kaunti ya Kilifi, kusini mwa mji wa Malindi nchini Kenya, ambako Hori ya Mida, magofu ya Gede na Msitu wa Arabuko-Sokoke yamekaribiana kiasi kwamba mwenye miguu mizuri na baiskeli imara anaweza kuyafikia yote kwa siku mbili bila haraka. Maeneo hayo matatu hutembelewa kila moja peke yake, lakini ukweli ni kwamba yanategemeana, na uhusiano wao humdhihirikia zaidi yule anayepita polepole.

Hori ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu. Hori ya Mida, iliyo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968, ina sifa isiyo ya kawaida, kwani hakuna mto unaomwaga maji ndani yake. Maji matamu yanayopunguza ukali wa chumvi huijia kwa njia ya chini: mvua inayonyesha katika nyanda za jirani hunywewa na mchanga, husafiri chini ya ardhi na kuchuruzika horini. Kwa sababu hiyo, afya ya mikoko inategemea pia nchi kavu iliyo nyuma yake, na msitu unaofunika mchanga huo una faida hata kwa kaa na samaki walioko mbali nao.

Anayekusudia kutembea ukingoni mwa hori hana budi kuanza kwa kujua hesabu ya maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kutoka siku moja hadi ya pili. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya huweza kupita mita 3, ilhali wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Maji yakitoka, hubaki uwanja mpana wa matope wenye kaa, chaza na minyoo; yakirudi, uwanja huo hutoweka kwa muda mfupi, na asiyejua njia huweza kuzingirwa. Ndiyo maana kutembea na mwenyeji anayeijua hori ni jambo la usalama, mbali na kuwa heshima kwa wenye mahali.

Mikoko inayoizunguka hori huonekana kutoka mbali kama ukuta mmoja wa kijani, lakini anayeikaribia kwa miguu hugundua kwamba kila aina ina nafasi yake na mbinu yake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mizizi inayoushikilia mti katika tope laini na kuupatia hewa. Mbegu yake huanza kuota ingali mtini, ikarefuka kama kijiti, kisha ikaanguka na kuchomeka topeni au kuchukuliwa na maji hadi ufuo mwingine. Mchu hutoa chumvi ya ziada kupitia majani, kiasi kwamba anayelilamba jani lake huionja, na huchomoza kutoka ardhini vijiti vingi vya mizizi ya kupumulia. Mlilana hupenda upande wa bahari, na mkandaa, ambao umekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya fito na kuni, huota upande wa ndani. Miti hii huzuia mmomonyoko, huhifadhi kaboni katika udongo wake na huwapa samaki wachanga maficho, hivyo kila mti unaokatwa ovyo ni hasara kwa mvuvi.

Katika upande mmoja wa hori hiyo kuna daraja jembamba la mbao linaloning'inia kwa kamba, lenye urefu wa takriban mita 260, ambalo hupita katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Daraja hilo lilijengwa na shirika la A Rocha Kenya, na ada inayolipwa huingia katika mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 ili kuwasaidia watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu na hori kulipa karo ya shule ya sekondari. Wakati mzuri wa kukaa kibandani ni saa chache kabla ya maji kujaa, ambapo ndege husukumwa na maji kutoka matopeni na kusogea karibu. Kati ya Septemba na Aprili huonekana vitwitwi waliotoka kuzaliana Siberia, pamoja na ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ndege huyo huchimba shimo mchangani na kutaga humo, na visiwa anavyozalia viko katika Bahari ya Shamu, pwani ya Somalia, Oman na Ghuba. Hivyo anaposafiri hadi Mida hupita katika bahari ileile iliyopitwa na majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka Afrika Mashariki kwenda Uarabuni.

Kutoka Mida, baiskeli humfikisha msafiri Gede kwa mwendo mfupi katika nchi tambarare. Magofu ya mji huo wa Waswahili, uliokaliwa na watu tangu karibu karne ya 12 hadi karne ya 17, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Uchimbaji ulioanzishwa na James Kirkman mwaka 1948 ulifunua jumba la mtawala, misikiti, nyumba za mawe ya matumbawe na vyombo vya kauri kutoka China. Visima vya mji huo vinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kupungua kwa maji yake ni miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu katika kueleza kwa nini wakazi waliuhama.

Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi huanza Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake ya misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Hapa mwendesha baiskeli huipata elimu ambayo aliye garini huikosa, kwa kuwa tairi humwambia udongo umebadilika kabla macho hayajaona kwamba miti imebadilika. Upande wa mashariki, wenye mvua zaidi, kuna msitu wa miti mchanganyiko iliyosongamana. Katikati kuna mrihi, mti wa jamii ya miombo, unaomea kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, ambako gurudumu huzama na mara nyingine humlazimu mtu kushuka na kusukuma. Na upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu ambao huwa mgumu wakati wa kiangazi na huteleza wakati wa masika, kuna vichaka vizito vya mfunda.

Kila msitu kati ya hiyo mitatu una wakazi wake. Katika mfunda huishi bundi wa Sokoke, ndege mdogo asiyefikia sentimita 20, ambaye nje ya Kenya hupatikana tu katika vilima vya chini vya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu hutimua majani makavu akitafuta wadudu, na anayetembea kimya humsikia kabla ya kumwona. Katika mrihi hutafuta chakula kwera aitwaye kitaalamu Ploceus golandi, ambaye haonekani popote duniani ila sehemu hizi za Kilifi. Mahali anapozalia hapakujulikana hadi mwaka 2013, makundi yake yalipokutwa yakijenga viota katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa msitu. Ndege wa msitu, basi, huhitaji ardhioevu ili kizazi chake kisikatike.

Kwa kuwa msituni kuna tembo, hakuna anayepaswa kuingia bila kujiandikisha katika kituo cha Gede na kufuatana na mwongozaji, na anayekuta kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa punde anapaswa kurudi nyuma. Baiskeli ya tairi pana hufaa zaidi, pamoja na pampu, viraka, maji ya kutosha na nguo za mikono mirefu. Si vyema kuwavuta ndege kwa sauti zilizorekodiwa wala kuwatimua wanapopumzika maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa nguvu wanazopoteza ni zile wanazoziwekea safari ya kurudi.

Hifadhi hudumu pale jirani yake anapofaidika nayo. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulioko Gede umewawezesha wakulima wa kando ya msitu kufuga vipepeo na kuuza mabuu bwete yao nchi za nje, na wanachama wa vikundi vya wenyeji wa Mida na kijiji jirani cha Dabaso hupata riziki kwa kuongoza wageni na kupanda mikoko. Kwa hiyo, anayefika huko na amkodi mwongozaji wa kijijini, alipe ada kamili, anunue chakula kwa wenyeji na asiache taka nyuma yake, kwa maana matendo hayo madogo ndiyo yanayoufanya mti uliosimama uwe na thamani kuliko mti uliokatwa.