Mfupa Hukingwa Darasani Kabla ya Kuungwa Hospitalini

Iko methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameiandika ubaoni mara nyingi kiasi kwamba makali yake yamepungua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Madaktari wa upasuaji wa mifupa wanaohudumu Meru na Embu hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Wao huletewa kuta zilizokwisha kubomoka: paja lililovunjika vipande viwili, muundi uliotoboa ngozi, kiwiko cha mtoto kilichovimba mfano wa boga. Ukizungumza nao watakwambia jambo ambalo huenda likakushangaza kutoka kinywani mwa mtu anayeishi kwa kisu. Sehemu kubwa ya kazi yao haikupasa kuwafikia kabisa.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Maarifa ya madaktari hawa yamefungiwa mno ndani ya chumba cha upasuaji, ilhali mahali pake pa kwanza ni darasani. Nasema hivyo nikiwalenga walimu na wanafunzi, kwa sababu kati ya mtoto anayeanguka na daktari anayemngoja huwa kuna mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu au mwanafunzi mwenziwe.

Tuanze na barabara. Ile itokayo Embu hadi Meru huzunguka miguu ya mashariki ya Mlima Kenya, ikipita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu. Inapendeza macho, lakini imejaa miteremko, kona na mabonde ya mito. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia bondeni kwenye daraja la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Taifa zima liliomboleza. Hata hivyo, msiba wa namna hiyo una tabia ya kutufumba macho tusione misiba midogo ya kila siku. Mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Waliokufa walitajwa. Waliobaki na miguu mifupi, magoti yasiyokunjika na mikono isiyoshika kalamu hawatajwi sana, ingawa hao ndio wanaojaza wadi za mifupa.

Wengi wao hawakupanda basi. Walipanda bodaboda. Tangu Serikali ilipopunguza mzigo wa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimekuwa tegemeo la vijana na mkombozi wa mama mjamzito aliye mbali na zahanati. Sitaki kukitukana. Lakini mwili wa binadamu haukuumbwa kwa ajili yake. Mfupa wa muundi, upande wa mbele, hauna nyama ya kuukinga; umefunikwa kwa ngozi pekee, kama kila mtu awezavyo kujipapasa akahakikisha. Pikipiki inapoanguka na kuulalia mguu, mfupa huo hupasuka na mara nyingi hutokeza nje, ukachanganyika na mchanga na samadi ya barabarani. Hapo tatizo si kuvunjika tena, ni uchafu. Jeraha la namna hiyo likichelewa kusafishwa na kupewa dawa ya kuua viini, usaha huweza kuuingia mfupa na kukaa humo kwa miaka.

Kuhusu helmeti, utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Sheria yetu inamtaka mwendeshaji na abiria wake waivae, tena abiria awe mmoja. Lakini nenda kando ya barabara yoyote ya vijijini asubuhi ya siku ya shule utazame. Utaona pikipiki moja imebeba watoto watatu au wanne waliovaa sare, vichwa wazi, mikoba mgongoni, na mzazi akiwapungia mkono. Mwalimu wa zamu huwapokea langoni, akaangalia saa, akafurahi kwamba hawakuchelewa. Kuchelewa tumekufanya kosa. Kufika shuleni kwa hatari kama ile hatujakufanya kosa.

Chanzo cha pili cha mivunjiko hakimo katika mabango ya usalama barabarani. Ni miti. Watu wa Igembe na Tigania wanaishi kwa miraa, na miraa bora hutoka katika miti mikongwe ambayo matawi yake humtaka mchumaji mwepesi. Nani mwepesi kuliko kijana wa miaka kumi na miwili? Chini zaidi, pande za Mbeere na Tharaka, ni miembe. Embu na Meru kote kuna mikadamia. Mtoto hupanda kwa sababu ya njaa, karo au mchezo, tawi likakatika, naye akanyoosha mkono kujikinga. Mkono ule ulionyooka ndio unaopokea uzito wote. Mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo kwa mtoto ni pembamba, tena pamepitiwa kwa karibu na mshipa mkuu wa damu uendao kiganjani pamoja na mishipa ya fahamu.

Kinga hapa si lazima iwe ghali. Makadamia iliyokomaa huanguka yenyewe. Anayepanda kuipukutisha mara nyingi huvuna iliyo changa, akaharibu bei na kuhatarisha shingo yake kwa wakati mmoja. Embe huchumwa kwa upondo wenye kikapu nchani. Mti wa miraa ukipogolewa mapema hubaki mfupi. Haya ni mafunzo ya kilimo na ya afya kwa pamoja, na mwalimu wa somo lolote kati ya hayo mawili anaweza kuyatia katika kipindi chake bila kungoja mtaala mpya.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya mashambani, nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika kwa mkono wa kushoto kwa taabu kubwa. Wa kulia alikuwa nao, lakini vidole vilikuwa vimejikunja kama kucha za ndege na havikufunguka. Alikuwa ameanguka mtini akiwa darasa la tatu. Watu wazima waliomwokota walimpenda, tena walifanya haraka: walivuta mkono ukanyooka, wakaufunga kwa mabanzi na kamba, wakakaza barabara ili usicheze. Usiku mtoto alilia. Wakamwambia avumilie, mfupa unaunga. Alfajiri akanyamaza, nao wakashukuru kwamba maumivu yamepoa. Kumbe mkono ulikuwa umekufa ganzi. Insha zake zilikuwa za kwanza darasani kwa fikra na za mwisho kwa hati, na katika mtihani wa saa mbili hakuwahi kumaliza.

Ulemavu huo una jina katika vitabu vya udaktari. Mpasuaji Mjerumani, Richard von Volkmann, aliueleza mwaka 1881. Kiungo kinapovimba ndani ya kifungo kilichokazwa, damu hushindwa kupita na nyama huanza kufa. Baada ya saa sita hivi, madhara mengi huwa hayarudi nyuma. Dalili zake hazihitaji mashine. Maumivu huzidi badala ya kupungua, na huzidi sana vidole vinaponyooshwa. Vidole huwa baridi au hupauka. Kisha huja ganzi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufundishwa dalili hizo kwa dakika kumi, na kwa dakika hizo kumi mkono mmoja ukaokolewa. Tumejua hayo kwa zaidi ya karne moja. Yalikwama wapi basi, yasimfikie yule aliyeshika kamba?

Wako watakaojibu upesi kwamba lawama ni za waunga mifupa wa jadi, na kwamba wapigwe marufuku. Mimi sikubaliani nao. Waungaji hao wamo vijijini, wanaaminiwa, na hawamwambii mgonjwa arudi wiki ijayo. Anayewapiga marufuku atawasukuma gizani, na wagonjwa watawafuata huko huko. Historia ya fani hii yenyewe inatufunza njia nyingine. Katika karne ya kumi na tisa aliishi Liverpool, nchini Uingereza, muunga mifupa mmoja kutoka Wales aliyeitwa Evan Thomas. Hakuwa na shahada. Badala ya kushindana na madaktari milele, aliwapeleka wanawe watano wakasomee udaktari. Mmoja wao, Hugh Owen Thomas, akawa miongoni mwa waasisi wa tiba ya kisasa ya mifupa, na ndiye aliyebuni gango la chuma la kuutuliza mguu ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Gango hilo ndilo ushahidi wangu mkubwa. Thomas alifariki mwaka 1891 na chombo chake kikiwa hakijulikani sana nje ya wanafunzi wake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, askari waliovunjika paja kwa risasi walikufa kwa wingi wa kutisha. Inakadiriwa kwamba karibu 80 kati ya kila 100 hawakupona. Mpwa wake, Robert Jones, aliyekuwa amejifunza kazi kwake, akapigania gango lile litumike karibu na mstari wa mapigano. Wachukuzi wa machela wakafundishwa kulifunga hata wakiwa wamefumbwa macho, ili waweze kulifunga gizani. Katika mapigano ya Arras mwaka 1917, idadi ya waliokufa kwa jeraha hilo ilishuka hadi kama 16 kati ya kila 100. Chombo kilikuwa kile kile cha miaka arobaini nyuma. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kwanza kumfikia majeruhi alikuwa amefundishwa.

Sasa turejee nyumbani. Elimu ya udaktari nchini imepiga hatua. Shule ya udaktari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1967. Mwaka 1999 kiliundwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachowawezesha madaktari kujifunza upasuaji wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, ambacho mizizi yake inafika mwaka 1927, kina matawi Meru na Embu. Kati ya miji hiyo miwili kuna hospitali kongwe za misheni, ikiwemo Chogoria, iliyoanzishwa na Wakristo wa Skotlandi mwaka 1922. Hatuna uhaba wa mahali pa kufundishia. Tuna uhaba wa mazoea ya kufundisha nje ya kuta za hospitali.

Naomba kila mwanafunzi wa utabibu anayepitia wadi ya mifupa atakiwe pia kwenda katika shule moja ya msingi na kituo kimoja cha bodaboda kufundisha mambo manne: kuvaa helmeti, kutokaza kifungo, kutopaka jeraha udongo wala mafuta ya taa, na kutomkunja aliyeumia mgongo ili aenee garini. Anayefundisha hujifunza mara mbili. Walimu wanalijua hilo. Muunga mifupa wa kijiji naye aalikwe, aketi mbele, aulizwe ayajuayo, kisha aonyeshwe dalili za mkono unaokufa na apewe njia ya kumpeleka mgonjwa hospitalini bila kuaibishwa.

Najua kuna pingamizi. Madaktari wa mifupa ni wachache, na foleni milangoni mwao ni ndefu. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kueneza elimu yao, kwa kuwa daktari mmoja hawezi kuuzidi mwendo wa pikipiki zote za kaunti. Walimu nao watasema wamelemewa. Hilo pia ni kweli. Lakini silaumu mwalimu kwa kukosa dawa. Namwomba dakika kumi za gwaride la asubuhi. Pingamizi zito kuliko yote ni umaskini: mtoto hupanda mti kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Mhadhara hauondoi njaa. Hata hivyo, familia ikibaki na kijana mwenye mkono mmoja umaskini wake huongezeka.

Enyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu ameanguka msimvute mkono. Ulazeni kama mlivyoukuta, uegemezeni kwa gazeti lililokunjwa au ubao mwembamba, ufungeni kwa kitambaa kilicholegea kiasi cha kidole kupita, vueni bangili na saa, kisha tazameni vidole vyake njia nzima hadi hospitalini. Vikipauka au vikiingia baridi, fungueni kitambaa papo hapo hata kama mtu mzima anawakataza. Nanyi walimu, kesho asubuhi langoni, pamoja na kuangalia saa, angalieni watoto wamefika wangapi juu ya pikipiki moja.