Ukoka Unapolala

Januari ikifika, mitaa ya Phoenix, jimboni Arizona, huwa na sura mbili. Uwanja wa nyumba hii una rangi ya mabua ya mpunga. Wa jirani yake ni kijani kibichi, kana kwamba mvua za masika zimenyesha jana. Kumbe chini ya viwanja vyote viwili umepandwa mmea mmoja: ukoka.

Ndio ukoka huuhuu unaotambaa kwenye viwanja vya mpira vya Morogoro na Kiambu. Marekani wanauita Bermuda, ingawa asili yake si kisiwa cha Bermuda.

Ukoka hupenda jua. Joto la nyuzi 30 na zaidi ndilo raha yake. Udongo ukipoa hadi nyuzi 10 hivi huacha kukua, majani hupoteza ukijani wake, na mmea huhifadhi chakula katika mashina yatambaayo na mizizi. Anayedhani umekufa apige goti, atenganishe majani makavu kwa vidole. Karibu kabisa na udongo ataona shina jeupe, gumu, lenye uhai.

Basi kijani cha jirani kinatoka wapi? Ni cha mgeni. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, usiku unapoanza kupoa kufikia nyuzi 15 hivi, wenye nyumba hukata ukoka chini sana, wakaondoa takataka kwa reki, kisha wakamwaga mbegu za raigrasi, nyasi zipendazo baridi. Eneo la mita 10 kwa 10 hula kilo 5 za mbegu au zaidi. Hunyunyiziwa maji kidogokidogo mara kadhaa kwa siku, na baada ya wiki moja hivi ardhi huvaa manyoya ya kijani, membamba kama nywele za mtoto. Viwanja vya gofu vya Scottsdale, ambako mashindano ya Phoenix Open huchezwa kila mwanzo wa mwaka, hupendeza kwa njia hiyo hiyo.

Kazi ngumu ni kumuaga mgeni. Joto likirudi, raigrasi hunyang'anya ukoka mwanga, maji na mbolea, na ukoka unahitaji takriban siku 100 za joto bila mshindani ili ujaze akiba yake. Kwa hiyo majira ya kuchipua yakianza, raigrasi hukatwa fupi ili jua lifike chini. Asiyefanya hivyo hubaki na mabaka matupu mwezi Julai, kisha akamlaumu muuza mbegu bure.

Halafu kuna maji. Phoenix ni jangwani, na sehemu ya maji yake hutoka mto Colorado, ambao umepungua sana. Kumwagilia uwanja majira yote ya baridi kwa ajili ya kutazamwa tu ni anasa nzito mahali kama hapo. Wapo wanaopulizia nyasi zilizolala rangi ya kijani, na haidhuru kitu.

Kwa wakazi wa Njombe au Limuru, ambako Juni hadi Agosti baridi huuma, hakuna haja ya mgeni wala rangi. Waupe ukoka mbolea kidogo kabla baridi haijaingia, waache majani marefu kuliko kawaida, na wasiukanyage asubuhi ukiwa na jalidi. Joto likirudi utachipua wenyewe.